Kisanduku cha Hapana

Kila siku baada ya shule, Chiku alivua sare, akala, kisha akaenda Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kumsaidia dada yake kuuza madera. Dada yake, Zulekha, alikuwa na shahada ya ualimu. Sasa alikuwa akiomba kusomea shahada ya uzamili, na maombi yangefungwa Ijumaa saa kumi jioni.

Jumatano wateja walikuwa wengi. Zulekha akampa Chiku karatasi yenye majibu na kumtuma steshenari kwa Rogath, ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi.

"Akuingizie kwenye kompyuta. Likitokea swali ambalo halimo humu, jibu wewe. Unanijua kuliko ninavyojijua."

Mangi alisoma maswali huku akichapa. Mambo yalikwenda vizuri hadi ukurasa wa mwisho.

"Je, mwombaji amewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata dogo?" Mangi aliinua macho. "Ndiyo au hapana?"

Chiku aliikumbuka faini. Miaka miwili iliyopita, Zulekha alipokwenda kuswali adhuhuri, Chiku ndiye aliyetandaza turubai nje ya mstari mweupe unaoonyesha mwisho wa eneo la wauzaji, katikati ya njia, ili madera yaonekane. Mgambo walipofika, Zulekha alirudi mbio akasema turubai ni lake. Alipelekwa mahakamani, akakiri, akalipa faini.

"Hapana," Chiku alisema.

Mangi akabofya kisanduku. Kisha akasoma mstari wa chini, polepole: "Mwombaji atakayebainika kutoa taarifa za uongo, maombi yake yatafutwa." Akatuma.

Tangu hapo Chiku hakuwa na raha. Alhamisi mwalimu alimwita mara tatu ndipo akaitika. Kila simu ya Zulekha ilipolia, alidhani ni chuo kimegundua.

Ijumaa alasiri Zulekha alimtazama akacheka. "Wewe, mteja akikuona hivyo atadhani tumefiwa. Una nini?"

"Sina kitu, dada."

Zulekha alifungua mkoba wa vyeti na kuanza kuvipanga. Katikati ya vyeti alitoa risiti ya faini ya mahakama. "Hii nayo nitakwenda nayo kwenye usaili. Nataka waone kwa macho yao kwamba nililipa."

Dera lilimponyoka Chiku mikononi. Wangeiona risiti, na fomu ingesema hapana.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "kwenye fomu waliuliza kuhusu kosa. Nilisema hapana."

Zulekha aliketi juu ya robota. Hakufoka.

"Nilidhani nakuokoa," Chiku alisema. Machozi yalimtoka. "Mimi ndiye niliyetandaza turubai."

"Saa ngapi sasa?"

"Tisa na nusu."

Zulekha alimwomba jirani yake, mama Severa, amwangalizie meza. Wakakimbia, wakipenya kati ya mikokoteni na wachukuzi, Chiku akiwaza kwamba huenda mtandao umekatika, au Mangi amekwisha kufunga.

Mangi alikuwepo. Alifungua fomu na kutikisa kichwa. "Inarekebishika, lakini msinicheleweshe."

Alipobofya "Ndiyo", nafasi ya maelezo ilifunguka. Zulekha alichapa mwenyewe.

"Andika kwamba ni mimi," Chiku alinong'ona.

"Meza ilikuwa yangu, na niliyemwachia alikuwa mtoto wa miaka kumi. Nitaandika hivyo."

Saa kumi kasoro dakika saba, Mangi alituma. Ndipo Chiku akavuta pumzi.

Siku ya usaili Chiku alisubiri kwenye meza pamoja na mama Severa, akichungulia kila aliyekata kona. Zulekha alirudi akiwa ameshika viatu mkononi.

"Wamenichukua," alisema. "Waliisoma risiti, wakauliza nilijifunza nini. Nikawaambia, nimejifunza kutazama mstari mweupe."

Chiku alimkumbatia kiunoni. Zulekha akamwinua kidevu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Lile kosa la turubai nilikwisha kulikiri na kulilipia. Lilikuwa limekwisha. Uongo wako ndio uliokuwa unalifufua, tena likiwa kubwa zaidi. Ukikosa, sema, hata kama unatetemeka."

"Nilitetemeka sana, dada."

"Lakini ulisema. Haya, lete turubai."

Chiku alilitandaza taratibu. Kisha akainama na kulivuta nyuma kidogo, mpaka mstari mweupe ukaonekana wote.