Mkono Chini ya Shali

Asubuhi ya siku ya soko, soko la mifugo la Griftu likishachangamka, watu humtafuta Kulow. Yeye ni dalali wa ngamia, na dalali wa huku hatangazi bei kwa kelele. Hufunika mkono wake na mkono wa mnunuzi kwa shali, na vidole huongea huko chini. Kidole kimoja kikibanwa, hiyo ni bei. Viwili vikibanwa, bei imepanda. Wenye masikio marefu hubaki wakitazama kitambaa.

Bei ikishakubaliwa, Kulow alikuwa akiwasha sigara. Hiyo ndiyo iliyomwambia kwamba kazi imekwisha. Aliwasha nyingine kwenye chai ya maziwa, nyingine akingoja lori, nyingine akitafuna miraa na wenzake kibandani, na nyingine nyumbani baada ya chakula. Shali yake ilinuka moshi hata binti yake mdogo, Ilwad, akikumbatiwa aligeuza uso pembeni.

Ilwad ana pumu. Siku moja kifua kilimbana mpaka midomo ikabadilika rangi. Kulow na mkewe, Maka, walimkimbiza kituo cha afya. Muuguzi Kathure akampa dawa ya kuvuta, na pumzi ikarudi. Kisha akawaambia wazazi bila kuzunguka: moshi wa sigara unaiamsha pumu ya mtoto huyu, hata ule unaobaki kwenye nguo.

Kulow hakubisha. Alitoka nje, akaitumbukiza pakiti yake chooni, akamwapia Maka kwamba amemalizana na sigara. Maka alilia kwa furaha.

Lakini siku zilizofuata Kulow hakujijua. Usingizi ulipaa. Alimfokea Maka kwa chai iliyochelewa kidogo tu, halafu akaona haya. Kifuani alikuwa na wasiwasi, kama mtu anayengoja habari mbaya na habari yenyewe haifiki.

Sokoni ndiko alikoumbuka. Alipoushika mkono wa Siyad, mnunuzi wake wa miaka mingi, mkono wake ulitetemeka. Na mkono wa dalali ukitetemeka, mnunuzi anajua kuna jambo linafichwa. Siyad alimtazama ngamia, akamtazama Kulow, akautoa mkono wake taratibu. Akasema atarudi siku nyingine. Kulow akamwona akielekea kwa dalali mwingine.

Maskini Kulow alichanganyikiwa. Bila sigara hana mkono, na bila mkono hana kazi. Akiirudia sigara, Ilwad je?

Hapo akafanya kosa ambalo wengi wa huku wangelifanya. Wenzake waliokuwa kibandani wakitafuna miraa walimwita, wakamwambia miraa itamsahaulisha. Kulow akaona ni shauri zuri. Miraa haina moshi, haitamdhuru mtoto. Akaketi, akatafuna, akaiteremshia kwa chai nzito yenye sukari tele.

Mwanzoni alijiona mfalme. Baadaye moyo ulianza kwenda mbio, jasho likamtoka, na hamu ya sigara ikamrudia kwa nguvu kuliko mwanzo. Jirani yake alikuwa amewasha moja, akampa. Kulow alishanyoosha mkono kuipokea. Kisha akaikumbuka midomo ya Ilwad. Aliinuka bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwa Kathure.

"Sista, mimi nakufa leo," alisema akiwa mlangoni. "Moyo nakimbia sana. Labda sigara ndiyo ilikuwa nashika maisha yangu."

Kathure alimkalisha, akampima presha na mapigo ya moyo. Alimwuliza kama kifua kinauma. Hakikuuma. Alimwuliza amekula nini. Kulow alitazama chini, lakini kipande cha jani kilikuwa bado kimenata kwenye jino lake.

"Mzee Kulow," Kathure alisema, "mimi ni wa Meru. Kwetu tunalima miraa, na ndiyo iliyonisomesha. Nikikuambia uiache, ujue sina sababu ya kukudanganya."

Kulow alicheka. Alikuwa hajacheka tangu aache sigara.

Kathure akamweleza polepole. Tumbaku ina kitu kinachoitwa nikotini. Mwili umekizoea kwa miaka, na sasa unakidai. Ndiyo maana mtu hupata wasiwasi, hasira, kukosa usingizi, hata mikono kutetemeka. Siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi, halafu hali hupungua wiki baada ya wiki. Miraa huongeza mapigo ya moyo na wasiwasi. Tena Kulow alizoea kuitafuna akiwa na sigara mkononi, kwa hiyo moja inaita nyingine. Hata chai apunguze makali, kwa sababu mtu akiacha sigara, kikombe kilekile humpiga kwa nguvu kuliko zamani.

"Hamu ikija, mimi nafanya nini?" Kulow aliuliza. "Nagombana nayo?"

"Usigombane nayo, ingoje. Inapanda, halafu inashuka, dakika chache tu. Vuta pumzi taratibu kwa pua, uitoe polepole kwa mdomo. Kunywa maji. Tembea kidogo. Na mdomo upe kazi. Si mko na mswaki wa mti hapa?"

Akamwambia pia azijue nyakati zake za hatari: bei inapokubaliwa, chai inapomiminwa, wenzake wanapokaa kibandani. Asingoje zimkute mikono mitupu. Akiteleza akavuta moja, asiseme kazi yote imeharibika, aanze tena palepale. Wasiwasi ukizidi au huzuni ikimlemea, arudi kituoni, kwani zipo dawa za kusaidia. Na kifua kikiuma, aje mbio.

"Kitu kingine, waambie watu," alimalizia. "Unaficha kama umeiba. Mtu atakusaidia vipi na hajui?"

Kulow alianza na Maka, na Maka hakumlaumu hata kidogo. Aliifua shali kwa sabuni, akaianika uani mpaka harufu ikaisha. Chai akaipunguzia majani, akaizidishia maziwa. Baada ya chakula, badala ya Kulow kukaa pale pa sigara, walitoka na Ilwad kwenda kuangalia mbuzi. Siku Kulow alipofoka tena, Maka hakununa.

"Hiyo ni nikotini inaongea, Aabo Ilwad," alimwambia, yaani baba wa Ilwad. "Nenda ukainyweshe maji."

Kulow alikwenda. Alikunywa huku akimshukuru Mungu kwa mke wa namna hiyo.

Siku ya soko ilipofika, Siyad alipita. Kulow alimwita kabla hajaogopa.

"Siyad, kabla hujanishika mkono, nina neno. Nimeacha sigara kwa ajili ya mtoto wangu. Mkono unatetemeka kwa sababu hiyo. Ngamia ni mzima."

Siyad aliingiza mkono chini ya shali. Kulow alingoja kidole cha kwanza kibanwe. Hakikubanwa. Siyad aliushika mkono mzima, akaushikilia tu, huku wenye masikio marefu wakishangaa ni bei gani hiyo isiyokwisha. Kulow akavuta pumzi kwa pua, akaitoa kwa mdomo. Akafanya hivyo tena na tena. Mkono ukatulia. Ndipo Siyad akaanza kubana vidole.

Walipokubaliana, mkono wa Kulow ulikwenda wenyewe mfukoni kutafuta sigara. Ulikuta mswaki aliouweka asubuhi. Aliutia mdomoni, akautafuna kwa nguvu. Siyad, aliyekuwa ameshatoa pakiti yake, aliirudisha mfukoni. Kulow akamshika bega kumshukuru.

Alipita kituo cha afya kumpelekea Kathure maziwa ya ngamia, na kumwambia kwamba hajafa. Kisha akaenda nyumbani.

Alikuta Ilwad anasinzia kivulini. Mtoto alipomwona aliivuta shali begani mwa baba yake. Kulow alingoja ageuze uso kama kawaida. Ilwad alijifunika nayo gubigubi, pua na vyote, akalala.

Kulow aliketi kando yake akisikiliza. Pumzi iliingia ikatoka, kifua hakikupiga mluzi. Alisema Alhamdulillahi, akaweka mkono wake juu ya shali. Haukutetemeka.