Kisanduku Kilichokataa Kuwa Kitupu

Ketrina hakuwa na viatu vya mvua, wala koti, wala kaka wa kumtetea. Tena hakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Mama yake alimzaa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alipokwenda kuuza mahindi, na kadi ya kliniki ikapotea. Bibi Marita, aliyemlea Igamba baada ya mama kufariki, alikumbuka mwaka, 2013, na kwamba kahawa ilikuwa imechanua, kilima kizima cheupe.

Asubuhi moja Mwalimu Roda alimpa kazi ya kuingiza kwenye kompyuta majina ya wasichana watakaochanjwa. Ketrina alifika kwenye jina lake. Mashine ilitaka siku, mwezi na mwaka. Alipoacha kisanduku kitupu, maandishi mekundu yalitokea: Jaza hapa.

Alitazama dirishani. Ukungu ulitembea taratibu kati ya mibuni, akaona kama siku yake ya kuzaliwa inapita humo, haigeuki. Akabonyeza sufuri. Mashine ikanyamaza.

"Hakuna pengo?" aliuliza mwalimu.

"Hakuna, mwalimu."

Siku ya chanjo, muuguzi Efraimu alisoma orodha, kisha akacheka. "Huyu Ketrina mashine imemwondoa. Inasema alizaliwa mwaka 1900!"

"Shikamoo, bibi!" Gloria, mwanafunzi mwenzake, alipiga goti. "Wajerumani uliwaona?"

Darasa zima liliangua kicheko. Ketrina hakucheka. Saa sita muuguzi angeondoka kwenda Itaka na sanduku lake la chanjo.

"Mwalimu, nilidanganya," alisema, machozi yakimlenga. "Sikuijua tarehe, nikaweka sufuri ili mashine ikubali."

Mwalimu Roda aliwasha kompyuta. "Kumbe mashine husoma sufuri kama mwaka 1900. Bibi yako anakumbuka nini?"

"Mwaka, na maua ya kahawa."

"Basi mwaka tunao, na maua hutoka mvua zinapoanza. Tuandike tarehe moja Novemba. Na hapa chini, penye maelezo, andika: makadirio, tarehe kamili inatafutwa."

Mashine ilikubali. Ketrina akachanjwa wa mwisho, akiuma midomo.

"Sikiliza, mwanangu," alisema mwalimu. "Kutojua si aibu. Ukikisia, sema umekisia, kisha utafute ukweli. Uongo hujaza kisanduku, lakini humwondoa mtu."

Jioni ile Ketrina aliiandikia kliniki ya Nakonde, akataja jina la mama yake na mwaka. Aliikunja barua, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Kesho yake alipanda gari na bibi mpaka posta ya Tunduma, mjini mpakani, akaitumbukiza kwenye sanduku la barua kwa mkono wake mwenyewe.