Kabla ya Kunyanyua Bodi

Asubuhi ile mwenye tipa alikuwa ameshafuta kioo cha mbele mara tatu. Sasa alikuwa anafuta magurudumu, moja moja, kwa kitambaa laini.

"Umenioa miaka kumi na sita," mke wake alimwambia kutoka mlangoni, "mimi hujanifuta vumbi hata siku moja."

"Wewe huendi machimboni, mama watoto."

"Ngoja nianze."

Wakacheka. Walikuwa na kila sababu ya kucheka. Tipa ilikuwa ya kwao, na ndiyo ya kwanza. Haikuwa mpya, usidanganyike. Mlango wa kushoto ulifunguka kwa kubembelezwa. Lakini injini ilikuwa nzima, na jeki ya kunyanyulia bodi, lile sanduku la nyuma la kubebea mzigo, haikuvuja mafuta.

Mke alikuwa ameuza mashine yake ya kusaga nafaka ili tipa ipatikane. Mume alikuwa ameacha kazi ya kuendesha basi. Kwa hiyo watoto wanne, mama mkwe mmoja na wao wawili sasa wote walitegemea yale magurudumu kumi. Yakisimama, nyumba nayo inasimama.

Kazi ya kwanza ilikuwa karibu, mtaa wa tatu. Mtu alitaka udongo wa kujazia kiwanja chake. Mke alipanda mbele ili akaione pesa yake ikifanya kazi. Machimboni walipakia udongo, na vibarua wawili wakapanda nyuma, juu yake. Hakuna aliyewakataza.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Udongo ulikuwa mwekundu, mbichi, wa kunata. Kiwanja nacho kilikuwa kimeinama upande wa kulia. Mume alirudi nyuma, akasimama, mke na vibarua wakashuka, kisha akavuta kishikio cha jeki. Bodi likaanza kupanda.

Udongo wa upande wa kushoto ukashuka wote. Wa upande wa kulia ukang'ang'ania. Bodi likawa juu kabisa, na udongo umeganda upande mmoja kama ugali kwenye sufuria.

"Bosi, usijali!" kibarua mmoja alipiga kelele. "Tutaning'inia huku kushoto, tuivute isiiname!"

Wakaruka wote wawili, wakashika ukingo wa kushoto wa tipa, wakaning'inia kama nguo kwenye kamba. Mume akakanyaga mafuta. Alitaka aende mbele kwa kishindo, kisha afunge breki ghafla, udongo udondoke. Ndivyo alivyowaona wengine wakifanya.

Gurudumu la nyuma la kushoto likainuka kutoka ardhini. Kidogo tu. Mkono wa mtu ungepita chini yake.

"Shusha! Shusha bodi! Taratibu!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara, kwenye karakana. Mwenye sauti alikuwa fundi wa majeki ya malori, mwanamke mwenye mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Mtaa mzima walimwita Mama Grisi. Alikuwa anakuja mbio, spana mkononi.

Mume akashusha. Gurudumu likagusa chini. Vibarua wakaachia ukingo na kujipangusa, kana kwamba wamefanya kazi nzuri.

"Shemeji," Mama Grisi alisema huku akihema, "leo ulikuwa unamwaga udongo au unamwaga familia?"

"Si umeganda tu, shemeji. Nilikuwa naupiga mtikisiko."

"Mtikisiko! Tipa iliyonyanyua bodi ni kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Sasa wewe unampiga kikumbo halafu unategemea maji yabaki?"

Mke akaangua kicheko.

"Na nyie wawili," Mama Grisi aliwageukia vibarua. "Mna kilo ngapi kila mmoja? Sitini? Udongo ule una tani. Ungewavuta kama kuku. Halafu tipa haianguki upande inaoinamia tu. Udongo ukiachia ghafla, bodi linarudi upande wa pili. Upande huo alikuwa nani?"

Vibarua wakatazamana.

"Sisi," mmoja akasema kwa sauti ndogo.

"Basi jamani, nifundishe," mume alisema. Kiburi kilikuwa kimeshuka pamoja na bodi. "Kuendesha basi naweza. Hii tipa naona ina mambo yake."

Mama Grisi akamzungusha tipa nzima. Alimwonyesha ardhi kwanza. "Shuka, tembea, kanyaga kwa mguu wako mwenyewe. Pakiinama, usinyanyue. Pakiwa laini, usinyanyue. Sogea, au waambie wasawazishe." Kisha akamwinua kidevu kwa kidole chenye grisi. "Sasa tazama juu. Kuna waya? Bodi likigusa waya wa umeme, kaa ndani, usishike chuma na ardhi kwa pamoja, piga kelele watu wakae mbali mpaka umeme ukatwe."

"Na udongo ukiganda?"

"Unashusha bodi mpaka chini. Ndipo watu waulegeze kwa koleo. Siku nyingine, udongo mbichi beba kidogo, na uweke sawa kushoto na kulia tangu unapopakia. Kama upande mmoja ni mzito, umeshapotea kabla hujatoka machimboni."

"Sisi tukae wapi, mama?" kibarua aliuliza.

"Hatua kumi na tano, mbali na pande zake zote. Na mkome kupanda juu ya mzigo. Mnakaa kwenye kiti au mnatembea kwa miguu."

Alisema mengine pia. Mlango wa nyuma wa bodi ufunguliwe lachi zake, yale makomeo ya pembeni, kabla bodi halijapanda. Mtu asiingie chini ya bodi lililo juu bila kuweka chuma cha kulizuia, hata kama anataka kupaka grisi ya dakika moja. "Mafuta ya jeki yakivuja," alisema, "hayakuagi."

Vibarua walipomaliza kuushusha udongo uliobaki kwa koleo, akauliza swali ambalo hawakulitegemea. "Bima mnayo?"

"Tena sana!" mume alijibu. "Stika ile pale kwenye kioo."

"Stika ni karatasi ya kumpa trafiki raha. Mimi nauliza mkataba."

Mke alikuwa nao kwenye mkoba, ndani ya bahasha ambayo haijafunguliwa. Alikuwa amejifunza kusoma miaka mitatu iliyopita, darasa la jioni la watu wazima. Alisoma polepole, kidole kikifuata herufi.

"Bima ya... mtu wa tatu." Akamtazama mumewe. "Tupo wawili kwenye ndoa hii. Huyu wa tatu ni nani?"

Mama Grisi alicheka mpaka akaangusha spana. "Ni mtu baki, mwenzangu. Mkimgonga mtu au mkiharibu mali yake, analipwa yeye. Tipa yenu ikianguka, mnaitazama tu."

Mke hakucheka. Aliendelea kusoma. "Ma-tu-mizi ya gari. Kubeba mali ya mwenye gari tu." Kidole kikasimama. "Baba watoto, huu udongo ni wetu?"

Mume akakuna kisogo. "Madereva waliniambia niseme hivyo. Bima inakuwa nafuu."

"Kwa hiyo umelipia bima ya gari jingine," Mama Grisi alisema. "Gari ambalo halipo. Siku ya ajali watauliza mlikuwa mnafanya nini, na mtakuwa na njia mbili: kudanganya au kukosa."

Mke akarudisha karatasi kwenye bahasha. Akapanda mbele kwenye tipa, akachomoa ufunguo, akautia mkobani.

"Mama watoto, mteja anasubiri safari ya pili!"

"Asubiri. Mashine yangu ya kusaga imekaa kwenye magurudumu haya, na wewe umekaa juu yake. Sitoi ufunguo."

Mteja alilalamika sana siku ile. Alipiga simu mara sita. Ufunguo haukutoka mkobani.

Kesho yake waliketi mbele ya wakala wa bima, kijana mwenye tai fupi. Safari hii walisema ukweli wote. Ni tipa, inabeba udongo, mchanga na kokoto za wateja kwa malipo. Dereva ni huyu, na leseni yake ni hii, ya magari makubwa. Vibarua ni wawili. Wakala akawaeleza bima kubwa, ambayo hulipia pia gari lao wenyewe likiharibika, na akawaambia vibarua wanahitaji bima yao kando. Ilikuwa ghali zaidi. Mume akahesabu tena kwa vidole. Mke akatikisa kichwa kukubali.

"Nina swali," mke alisema. "Ikianguka bodi likiwa juu, inamwaga, mnalipa?"

Wakala akafungua kurasa. Akafungua tena. "Mama, hilo... hapa kwetu halimo mpaka mwenye gari aliombe na liandikwe. Kampuni nyingine huliweka, nyingine huliacha. Wachache wanauliza."

"Basi liandike."

"Nitaliandika baadaye, mama, msijali."

"Liandike sasa hivi, nilione."

Akaliandika. Mke akalisoma herufi kwa herufi, na wala hakuona haya kuchukua muda.

Miezi minne ilipita. Kazi haikukosekana. Madereva wengine walimbatiza mume jina la Mpima Ardhi, kwa sababu kila alipofika mahali alishuka na kukanyagakanyaga kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mpima Ardhi! Umepata mafuta ya petroli huko chini?"

"Bado! Nikipata wewe ndiye utakuwa mlinzi wangu!"

Siku moja, saa nne asubuhi, alipeleka kokoto kwenye kiwanja cha nyumba ya zamani. Alikagua. Palikuwa tambarare, pakavu, pagumu. Waya hapakuwa. Vibarua wakaenda zao hatua kumi na tano, wakamzuia pia mwenye nyumba, aliyetaka kusogea aone kokoto zake. Mume alifunga mkanda. Bodi likapanda.

Kisichojulikana na mtu yeyote ni kwamba chini pale palikuwa na shimo la choo la zamani, lililofunikwa kwa mbao na udongo kabla hata mwenye nyumba hajanunua. Mbao zilikuwa zimeoza. Gurudumu la nyuma likazama ghafla, na tipa ikalala ubavu kwa kishindo kilichotikisa mtaa.

Mume hakuruka. Alishika usukani, mkanda ukamshika yeye. Vumbi lilipotulia alizima injini, akatoka kupitia dirisha la juu, amekwaruzwa kiwiko tu. Hakuruhusu mtu kuigusa tipa. Alipiga picha pande zote, shimo likiwemo. Alimpigia mke wake, mke akampigia wakala, polisi wakaitwa wakaandika. Yote siku hiyo hiyo.

Mkaguzi wa kampuni ya bima alifika na fomu. Alizunguka shimo, akapiga picha zake.

"Gari lilikuwa linafanya nini?" aliuliza.

"Linamwaga kokoto za mteja, kwa malipo. Bodi lilikuwa juu," mke alijibu kabla mumewe hajafungua mdomo. Akamkabidhi mkataba, kidole kikiwa kwenye mstari wenyewe.

Mkaguzi akasoma. Akaandika. "Majeruhi? Nipe majina."

"Majina ya nani?" kibarua mmoja alidakia. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, anakula muhogo. "Sisi tulikuwa kule, kwenye ule ukuta."

Mkaguzi akautazama ukuta, akaitazama tipa iliyolala, akapima kwa macho nafasi iliyokuwa katikati. Kisha akainamia fomu yake na kupiga mstari mrefu kwenye nafasi ya majina ya majeruhi.

Wiki ya saba tipa ilitoka karakanani kwa Mama Grisi, ubavu mmoja ukiwa na rangi mpya. Kampuni ililipa matengenezo kama ilivyoandikwa. Safari ya kwanza ilikuwa mchanga, kwa mteja mwenye haraka zake.

"Mwaga hapo hapo, dereva! Nimekaa hapa miaka ishirini, hapana shida!"

Mume alivuta breki ya mkono, akashuka, akaanza kutembea. Alikanyaga mbele, akakanyaga nyuma, akatazama juu. Mteja alitazama saa. Vibarua walikuwa wameshafika hatua ya kumi na tano, nao wakamwita mteja awafuate.