Sebule Iliyofungwa kwa Ajili ya Wageni

Kitendawili! Nina chumba kizuri, ufunguo ninao, lakini siingii. Fikiri, huku ukinisikiliza.

Mjini Sala, nchini Moroko, Bi Yamna hakutulia. Tangu alfajiri alizunguka ndani: mlangoni, jikoni, mlangoni tena. Akikaa kwenye godoro la chini, magoti yanamuuma. Chumba walichokaa wote kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Mbele kulikuwa na sebule kubwa yenye jua, makochi marefu yamezunguka kuta. Ilifungwa. Ilikuwa ya wageni.

“Mama, kaa basi,” alisema mwanawe, Abdelhaki.

“Nikae wapi, kaburini? Mwezi ukiisha narudi Sefru kwa dada yangu.”

Mkewe Abdelhaki, Gizlani, aliacha kukanda unga. Watoto wake hawalali bila hadithi za bibi yao.

Abdelhaki akapata wazo. “Tutupe makochi ya zamani, tununue yenye nakshi za dhahabu. Mama atafurahi!” Akamwita jirani yao Nezha, mpambaji wa nyumba, achague rangi.

Nezha hakugusa rangi. Alivua viatu, akamfuata Bi Yamna kila alikokwenda.

“We binti, umekuwa kivuli changu?”

“Nakupima, bibi. Nyumba hupimwa kwa anayeishi ndani.”

“Nimeita mpambaji, nimeletewa mpelelezi!” Abdelhaki alicheka.

“Kaka, nilipamba nyumba za matajiri Kasablanka. Tulitupa vitu vizima, tukaleta vipya. Hatukumuuliza mtu anakaaje. Siku moja nikaona magodoro ya sufu safi jalalani. Roho ikakataa, nikaacha kazi ile.” Akauliza, “Makochi ya sebuleni yana nini ndani?”

“Sufu ya kondoo wa baba yangu,” alijibu Bi Yamna. “Alinipa nilipoolewa.”

Abdelhaki akatazama chini.

“Fungueni sebule,” alisema Nezha.

Gizlani akashtuka. “Wageni wakija ghafla wakute makombo? Aibu!”

“Wageni huja lini, dada?”

“Sikukuu.”

“Na mama anaishi lini?”

Gizlani akaenda kuleta ufunguo.

Walifua sufu, wakaianika juu ya paa, wakaichambua kwa mikono. Sufu iliyogandamana ikafura kama mkate. Mbao za makochi hazikutupwa. Nezha aliinua kochi la dirishani mpaka usawa wa magoti ya Bi Yamna, akaweka mkono imara wa kushikia anapoinuka. Vitambaa vikashonwa vya kuvuliwa na kufuliwa. Makombo hayakumtisha mtu tena.

Mwezi ukaisha. Dada yake akaja kumchukua. Alimkuta Bi Yamna dirishani, miguu juani, wajukuu wamemlalia.

“Haya, dada. Mizigo iko wapi?”

“Mizigo gani? Karibu, kaa. Ila si hapa. Hapa pana mwenyewe.”

Umeshategua? Ndiyo, ni sebule ya wageni. Na ule ufunguo? Hakuna anayejua ulipo, wala anayeutafuta.