Duara Lililozunguka Kinyume

Lilianza jambo dogo. Lile duara la kusubiri kwenye skrini, ambalo siku zote huzunguka kama mshale wa saa, asubuhi hiyo lilizunguka kinyume. Judith akafuta kioo kwa pindo la kitenge, kana kwamba kosa ni la vumbi. Nje, wafugaji wa kijiji cha Tlawi walikuwa wamepanga ndoo zao za maziwa kwenye ukungu. Yeye ndiye meneja wa kituo cha kukusanya maziwa. Asipoidhinisha kwenye mfumo, maziwa hayaingii kwenye tangi.

"Meneja, yanaganda huku!" aliita Efrazia kutoka kwenye foleni. "Au huo mtandao wako nao unasubiri kukamuliwa?"

Watu wakacheka. Judith hakucheka. Alikuwa ananusa tope bichi, tope la chini ya majani yaliyooza, na harufu ilitoka ndani ya kompyuta.

Mchana alifika Philemon, fundi aliyeleta mfumo huo kutoka Arusha. Akafuta kumbukumbu za kivinjari, akazima ruta na kuiwasha, akaunganisha kwa simu yake. Kurasa zikafunguka polepole kama jicho la mgonjwa. Kisha akaingia kwa akaunti yake mwenyewe, na ukurasa ukaruka papo hapo. Margwe, mpokeaji wa maziwa, akaingia kwa yake. Haraka vilevile.

"Mashine iko sawa. Mtandao uko sawa," Philemon alisema, sauti chini. "Ni akaunti yako tu, dada. Nimeifuta nikaitengeneza upya, bado. Kesho bodi inakaa. Ikibaki hivi, wataniambia nimpe Margwe nafasi yako."

Judith aliinamisha uso uliowaka kwa aibu. Alijua chanzo chake.

Siku ile walipokuwa wanasimika mnara wa mtandao juu ya chemchemi, alikuja mzee mmoja aliyevaa mabuti ya mvua na shuka, ameshika kibuyu cha pombe ya asali, ili aombe ruhusa kwa mwenye maji, roho ya chemchemi, kabla ardhi haijachimbwa. Philemon alicheka. "Na huyu je, ni nani?"

"Simfahamu," Judith alijibu upesi. "Mzee tu wa hapa."

Mzee huyo alikuwa Hhando, baba yake mzazi. Alisimama kidogo, kama anayesubiri shikamoo yake, kisha akageuka na kibuyu chake, hajamwaga hata tone.

Jioni ya siku duara lilipogeuka, Judith alikwenda kwa shangazi yake Marieta, dada wa Hhando, ambaye watu wa Tlawi humwendea maji yanapokasirika.

"Mwenye maji hana shida na mnara wenu," Marieta alinong'ona, akichochea moto. "Ana shida na mtu anayekanyaga kwake huku akimkana aliyemzaa. Kesho, mbele ya huyo fundi na bodi yako, msalimie baba yako. Sema wewe ni wa nani. Kisha yeye ndiye amwage pombe."

"Shangazi, watanicheka."

"Kwa hiyo achekwe baba yako peke yake?"

Judith aliomba kibuyu cha pombe, akasema anampelekea baba.

Hakumpelekea. Kulipopambazuka, kabla ndoo hazijafika, alishuka peke yake hadi chemchemi, ukungu ukimfunga machoni kama shuka iliyolowa, na kadiri alivyoshuka ndivyo ile harufu ya tope ilivyozidi, mpaka akaionja ulimini, na akasikia nyuma yake miguu mitupu ikikanyaga maji pale ambapo hapakuwa na maji, ikisimama anaposimama, ikienda anapokwenda, naye hakugeuka, alimwaga pombe yote na kusema haraka, kwa kunong'ona, kama mwizi anayesali: "Toka kwenye kazi yangu. Nenda popote. Usiniaibishe tu."

Chemchemi ikanyamaza. Kisha nyasi zikainama, moja baada ya nyingine, kuelekea juu, kupita kando ya kituo, mpaka kwenye njia ya nyumbani kwa baba yake.

Simu ikalia; alikuwa Philemon. "Dada Judith! Njoo uone, akaunti yako inakimbia!"

Bodi ilimpongeza. Maziwa yalipokelewa yakiwa na povu. Efrazia mwenyewe alimpigia vigelegele. Philemon, akiaga, aliomba apitishwe nyumbani kwa wazazi wa Judith walau kwa maji ya kunywa, naye, mwepesi kwa furaha, alikubali.

Hhando alikuwa ameketi mlangoni, mabuti miguuni, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliinua macho. Midomo ikafunguka. Jibu halikutoka. Alimtazama bintiye, akaendelea kumtazama, mboni zake zikizunguka taratibu sana, kinyume, kama lile duara, na kutoka kinywani mwake kilicho wazi ikaja harufu ya tope bichi.

"Mzee anaumwa?" Philemon alinong'ona, akirudi nyuma. "Si yule wa mnarani? Ni nani wako?"

Judith alipiga magoti kwenye vumbi, akapaza sauti hadi majirani wakatoka nje.

"Ni baba yangu! Baba, shikamoo! Ni mimi, Judith, binti wa Hhando! Shikamoo!"

Wote wakasubiri marahaba. Giza likaingia wakiwa bado wanasubiri.