Muungurumo wa Upande wa Kulia

Rafiki yangu Rebeka, fundi redio wa Ufukoni, aliwahi kukata waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kwenye amplifaya ya kwaya ili kuondoa muungurumo. Jumapili ile ile Erasto, mwimbaji wa besi, alishika maiki na umeme ukamuua. Rebeka akasema sakafu ilikuwa na maji, na watu wakamwamini.

Baadaye akaiundia kwaya amplifaya nyingine, kila upande, wa kushoto na wa kulia, na transfoma yake, ethi zote zikikutana kwenye nondo moja ya shaba ardhini. Fredi, mwalimu wa kwaya, alimfuata stoo ya kanisa, isiyo na dirisha, waijaribu.

"Dada Rebeka, leo hata mbu akikohoa tutamsikia!"

Spika ya kushoto ilikuwa kimya. Ya kulia ikaunguruma chinichini. Rebeka akachomoa plagi. Taa ya amplifaya ikazimika, giza likawafunika, muungurumo ukaendelea. Akapapasa, akang'oa nyaya za spika. Ukaendelea.

"Erasto, ni mimi niliyeukata," akanong'ona.

Muungurumo ukakoma.

"Umekata nini, dada?" Fredi akauliza.

Kabla Rebeka hajajibu, ndani ya spika ile isiyo na waya mtu akavuta pumzi ndefu, kama mwimbaji anayetaka kuanza.