Kidomo cha Tatu

Nilitumwa kuchukua tromboni jua likizama nyuma ya kiwanda cha kitani. Ndugu Immanuel, mgane wa miaka themanini na mmoja, alikuwa amekata roho alasiri ile, na ilitakiwa tumtangaze kabla giza halijaingia.

Sisi Wamoraviani wa Friedensgrund hatugongi kengele mtu akifa. Watu wanne hupanda mnara wa kanisa na tromboni nne, kubwa kwa ndogo, na kupiga tenzi tatu. Wa kwanza unasema kuna aliyefariki. Wa tatu unamuaga. Wa katikati ndio unaowafanya watu wasimame barabarani, maana kila kundi lina wimbo wake: wagane, wajane, waume, wake, waseja, hadi watoto wa kike. Hata mtoto wa miaka mitano anazijua. Wimbo hautaji jina. Unataja kundi tu, na jina utaliulizia mlangoni.

Mpiga besi wetu, yule wa tromboni kubwa ya sauti ya chini, Ndugu Traugott, alikuwa amefariki msimu wa majani kuanguka. Vijana ambao wangeshika nafasi yake hawakurudi kutoka vitani, na baba yangu pia hakurudi. Ndiyo maana niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikaenda kufuma kiwandani. Sasa nilikuwa na kumi na sita, na Ndugu Leberecht, kiongozi wa wapigaji, alikuwa amenifundisha tangu majira ya baridi yaanze kwa tromboni yake ndogo.

Mjane wa Traugott, Dada Rosine, alinifungulia kabla sijabisha. Tromboni ilikuwa imelazwa kitandani, upande wa mumewe, imefunikwa blanketi. Ilikuwa ya zamani sana, shaba yake imegeuka rangi ya chai. Mrija wake ulikuwa mrefu kuliko mkono wa mtu, hivyo ulifungwa mpini wa mbao wa kuusukumia mbele. Kando yake palikuwa na kikasha chenye vidomo vitatu, vile vikombe vidogo vya chuma ambavyo mpigaji huweka midomo yake.

"Chagua," alisema. "Ila kile cheusi kiache."

"Kwa nini, Dada Rosine?"

"Traugott alikiacha."

Alikwenda jikoni, nami nikavijaribu haraka haraka. Cha kwanza kilikuwa kidogo, cha tromboni nyembamba. Sauti za juu zilitoka, lakini nilipoteremka chini ilibaki pumzi tupu. Cha pili kilikuwa kipana na kizuri, ila shina lake lilikuwa jembamba, likachezacheza ndani ya tundu. Kilikuwa bado na vipande vya karatasi ambavyo Traugott alikizungushia ili kikaze. Karatasi zilikuwa zimelowa na kuoza. Nilipopuliza, hewa ilivuja pembeni na sauti ikapinda.

Nje, Ndugu Leberecht aliita jina langu. "Theodora! Giza hilo."

Nikachukua cha tatu, kile cheusi.

Kiliingia taratibu, kikakaa... *tik*. Kama mlango uliofungwa na mtu mwingine kwa ndani.

Ukingo wake ulikuwa baridi. Nilipuliza kidogo tu, na sauti ya chini kabisa ikatoka, nene, bila mimi kuitafuta. Madirisha yalitetemeka. Nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilifurahi.

Mnarani tulikuwa wanne: Leberecht, mwokaji mikate Konrad, shemeji yake Gottlob, na mimi.

"Mikono ya huyu ilivyo mirefu," alisema Konrad, "hata mpini hauhitaji."

"Na ulimi wako ulivyo mrefu," nikamjibu, "hata tromboni huihitaji." Gottlob akacheka. Leberecht akainua kidole, tukanyamaza.

Utenzi wa kwanza ulikwenda vizuri. Chini, milango ilifunguka, watu wakasimama. Tukaanza wa pili, wa wagane.

Mkono wangu ulikwenda nilikoupeleka. Nakumbuka kila mahali niliposimamisha mrija. Lakini kilichotoka kwenye tromboni kilikuwa kitu kingine. Nilisikia harufu ya nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Sauti ya besi ikageuka, ikapanda, na wale watatu, mmoja baada ya mwingine, wakaifuata kama kondoo.

Ulikuwa wimbo wa watoto wa kike.

Nilitaka kuondoa midomo. Haikuondoka. Ilishikwa hadi noti ya mwisho.

Tukashusha tromboni.

Halafu chini, wanawake walianza kuita. Kila mmoja alikuwa akiita jina la binti yake.

"Nani kaanza?" aliuliza Leberecht kwa sauti ndogo.

"Besi," alisema Gottlob.

"Mzee kafa, msichana kamzika mtoto," alisema Konrad. Alijaribu kucheka, kisha akatazama chini, ambako binti yake Adelheid alikuwa amesimama mlangoni pa duka na ufagio. Alimpungia mkono. Mtoto naye akampungia.

Leberecht alipita nyumba hadi nyumba akieleza kuwa mpigaji ni mgeni wa kazi, amechanganya. Tangu nizaliwe, kwetu hakuna aliyewahi kuchanganya. Watu walimsikiliza kwa heshima, na walipofunga milango nilisikia makomeo.

Nyumbani kwetu palikuwa na mdogo wangu, Erdmuthe, ambaye sote tulimwita Muthe. Alikuwa na miaka minane. Koo lilikuwa limemvimba wiki nzima, na daktari alikuwa amesema tusubiri. Mama alikuwa ameketi kitandani, ameziba masikio ya Muthe kwa viganja vyake. Alichelewa.

"Dora," Muthe alininong'oneza. "Ni nani kati yetu?"

"Hakuna. Nilikosea."

"Wasichana tuko kumi na wawili," alisema. "Na mimi ndiye mgonjwa."

Kioo cha ukutani kilinionyesha duara jekundu kuzunguka midomo yangu. Alama ya kidomo ni kawaida, huondoka baada ya dakika chache. Ile ililala nami, ikaamka nami.

Siku ya pili alasiri Dada Rosine alikuja kiwandani, akasimama kando ya mtambo wangu hadi nilipousimamisha.

"Ulikichukua."

"Ndiyo."

"Traugott alikipiga mara moja. Alikuwa kijana. Walimtangaza mseja mmoja, na besi ikatoa wimbo wa wake walioolewa. Mke wake wa kwanza alikuwa uani anaanua nguo, akaanguka akafa. Hakuumwa popote." Alivuta shali. "Kilitoka wapi, sijui. Alikikuta ndani ya tromboni alipoirithi. Hakuweza kukitupa. Alisema akikitupa, kitakuja kupigwa na mtu asiyejua."

"Basi na mimi sikujua."

"Nilikuambia ukiache, mwanangu. Nilipaswa kukuambia zaidi. Niliona aibu."

Nilianza kulia. Alinishika kiwiko.

"Nina miaka sabini na minne. Sina mtoto. Panda uupige wimbo wa wajane, kwa kidomo kilekile. Kikitaka mtu, kinichukue mimi."

"Siwezi, Dada Rosine."

"Muthe anapumuaje leo?"

Asubuhi ile nilikuwa nimehesabu pumzi zake, na kati ya moja na nyingine niliweza kusema Baba Yetu hadi kwenye mkate wa kila siku.

Tulipanda pamoja jua likiwa limeegemea paa. Dada Rosine alikaa kwenye ngazi ya juu, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nikafumba macho. Nikaupiga wimbo wa wajane akilini kwanza, mara mbili, noti kwa noti. Kisha nikaweka midomo.

Baridi.

Harufu ya nta.

Nilisukuma mpini kule wimbo wa wajane unakotaka. Nilisukuma kwa nguvu hadi bega likalia. Na nikausikia ukitoka, polepole, bila haraka yoyote... wimbo wa watoto wa kike. Wote. Hadi mwisho.

Nilipofumbua macho Dada Rosine alikuwa ananitazama, mzima kabisa.

"Kimenikataa," alinong'ona.

Nilijaribu kuking'oa. Tulivuta wote wawili, nikakigonga kwa mpini, kikakatalia mle ndani kana kwamba kimechomelewa. Tukaiacha tromboni palepale mnarani, tukaikabili barabara iliyojaa mama zetu. Hawakusema kitu. Walitupisha njia.

Jumamosi asubuhi Konrad alikwenda kumwamsha Adelheid aje ayapange maandazi. Hakuamka. Hakuwa na homa wala jeraha. Kuzunguka midomo yake palikuwa na duara jekundu.

Kwenye kioo, langu lilikuwa limefutika.

Jioni Konrad alikuja kwetu na unga bado mikononi. Hakunigusa. Alisimama tu mlangoni.

"Ulipiga mara ngapi?"

"Mara mbili, Ndugu Konrad."

Aliitikia kwa kichwa. "Mimi nilikuwa na mmoja tu," alisema, akaondoka.

Siku hiyo hiyo uvimbe wa Muthe ulipasuka, akaomba uji. Jumapili aliketi. Jumatatu aliimba.

Nilipiga mara mbili, na aliyekwenda ni mmoja. Sasa kila asubuhi mama za wale wengine kumi huja mlangoni, mmoja mmoja, kumjulia hali. Huleta supu, huleta asali. Husema wanamwombea. Nami nakaa nyuma ya pazia nikitazama nyuso zao wakati mama anapowajibu, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu na mimi nilipiga magoti usiku ule wa kwanza nikaomba awe mtoto wa mtu mwingine.

Jana alikuja Dada Charitas, mwenye mapacha.

"Muthe anaendeleaje?"

"Vizuri," alisema mama. "Amekula mayai mawili."

"Mungu asifiwe," alisema Dada Charitas. Akaweka bakuli lake kizingitini, akageuka, akapiga hatua tatu, na akakaa chini kwenye theluji.